Mtoto aambiwe nyumbani kwanza

Mhariri,

Hapa Mwiki wapo vijana waliozaliwa na virusi vya Ukimwi ambao wamemeza dawa tangu utotoni wakiambiwa ni za kifua. Mama hubandua karatasi ya chupa, au huhamishia tembe kwenye mkebe wa Blue Band. Hofu hiyo naielewa: nyumba za kupanga hugawana ukuta, na swali la "nilipataje?" ni zito kwa mzazi. Lakini mtoto wa Gredi ya 7 anajua kusoma. Akijigundulia mwenyewe, anaweza kuzitupa dawa kwa hasira, na asituamini tena.

Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, hatua kwa hatua kadiri wanavyokua. Nawasihi wazazi, na hasa nyanya wanaolea wajukuu mayatima, waombe mshauri wa kliniki aketi nao siku ya kumweleza mtoto. Wasingoje hadi sanduku la kwenda shule ya bweni lifungwe. Na wamwambie mtoto habari njema pia: akimeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye vipimo, na akiendelea kuzimeza, hatamwambukiza mwenzi wake kwa ngono, na anaweza kupata watoto wasio na virusi.

Mzazi,
Mwiki, Ruiru