Watu Watano Wasioshika Mpira

Wasomaji wetu wengi wajua mpira mmoja tu, ule wa mviringo upigwao kwa mguu. Huko Marekani vijana wa vyuo vikuu hucheza na mwingine pia, wenye umbo kama yai, nao huushika mikononi. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10, yaani meta 9 na kidogo. Wakishindwa, wapinzani huuchukua. Waweza kuurusha kwa mwenzao aliye mbele, au mmoja aukumbatie na kukimbia nao. Leo twataka kusema habari za mbio hizo.

Chuo kikuu cha Notre Dame, kule Indiana, kilianzishwa mwaka wa 1842 na Padri Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, na sifa ya timu yake ni ya zamani. Lakini mwaka wa 2016 ilipatwa na aibu: katika michezo 12 ilishinda 4 tu. Mkufunzi Brian Kelly hakufukuzwa. Alibadili wasaidizi wengi, akamleta Matt Balis awatie vijana nguvu za mwili.

Mwaka wa 2017 timu ilishinda michezo 10, ikashindwa 3. Josh Adams alikimbia na mpira yadi 1,430, na watu wakamshangilia. Ni haki yake. Walakini sisi twawatazama kwanza wale watano wa safu ya mbele. Hao hawakimbii na mpira, wala kwa kawaida sheria haiwaruhusu kuupokea ukirushwa mbele. Kazi yao ni kuwasukuma wapinzani kando ili njia ifunguke, tena yawapasa kuondoka wote pamoja. Mmoja akikawia, mpinzani hupenya hapo hapo, na mwenye mbio, hata awe hodari namna gani, huangushwa kabla hajaanza. Wawili kati yao, Mike McGlinchey na Quenton Nelson, wangaliweza kwenda kucheza kwa mshahara baada ya mwaka ule mbaya, wakabaki. Safu yao ikapata zawadi ya Joe Moore, ambayo hupewa safu nzima, si mtu mmoja.

Je, mbio peke yake zatosha? Hasha! Mwezi wa Novemba 2017 timu ya Miami iliwashinda 41 kwa 8. Aliyeachwa nyuma hivyo hana wakati wa kwenda hatua kwa hatua. Hana budi kurusha. Naye mrushaji wao, Brandon Wimbush, mwenye miguu myepesi sana, mwaka ule hakufikisha hata nusu ya mipira aliyoirusha.

Katika mchezo wa 4 wa mwaka wa 2018 Kelly alimweka Ian Book mahali pake. McGlinchey na Nelson walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini timu ilimaliza michezo yake 12 ya kawaida bila kushindwa, mpaka Clemson walipoizuia mwezi wa Desemba, 30 kwa 3.