Sauti Yangu Si Uchi, Wala Si Sadaka



Leo sina mapishi wala mtindo mpya wa hina. Leo nina ugomvi. Kuna watu wa namna mbili wanaowadhulumu wanawake wanaofanya kazi ya sauti katika visiwa hivi, na nimechoka kuwanyamazia wote wawili.

Wa kwanza anasema sauti ya mwanamke ni uchi, kwa hivyo kazi hii haramu na pesa yake chafu. Wa pili hana neno na dini. Yeye anasema, "Dada, una sauti nzuri mashaallah, hebu tusomee hiki kidogo tu," kisha anakupa nauli ya daladala na ahsante. Na mara nyingine ni mtu mmoja huyo huyo! Asubuhi anakwambia sauti yako ni uchi, jioni anakuomba umrekodie mwaliko wa harusi ya binti yake, bure, na uweke na dua mwishoni.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Unaposikia tangazo redioni, unapopiga simu benki ukaambiwa bonyeza moja, unapoangalia tamthilia ya Kituruki na yule mama mkwe anagomba kwa Kiswahili, nyuma yake kuna mtu kaketi mbele ya maikrofoni. Mwaka 2011 TBC walionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo kazi hizi zimezidi kuongezeka. Nyingi sasa zinafanyika nyumbani. Dada zetu wanarekodi ndani ya kabati la nguo, mabuibui yakiwa ndiyo ukuta wa kuzuia mwangwi. Feni imezimwa, jasho linatiririka, saa tisa za usiku kabla jogoo wa jirani hajaamka na kabla ya adhana ya alfajiri. Sentensi moja inasomwa mara saba mpaka ikae. Halafu mtu anakuja kukwambia ni "kusoma tu".

Tuanze na huyu wa dini

Ndugu yangu, madhehebu tunayoyafuata wengi wetu hapa ni ya Imam Shafi. Kauli yenye nguvu kwa wanavyuoni wa madhehebu hayo ni kwamba sauti ya mwanamke si uchi. Kilichokatazwa ni kuilegeza kwa namna inayotia tamaa, na pia kuisikiliza kwa ajili ya kujifurahisha kwa tamaa. Aya ya 32 ya Surat Al-Ahzab, ambayo watu hupenda kuikatia katikati, inawakataza wake wa Mtume (S.A.W.) kulegeza maneno, kisha hapo hapo inawaamrisha waseme maneno mema. Imewaambia waseme namna gani. Haikuwaambia wasiseme.

Na hebu tufikiri. Bibi Aisha (R.A.) amepokelewa hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wanaume walikuja kumuuliza, akiwajibu kutoka nyuma ya pazia. Khawla bint Tha'laba alimjadili Mtume mwenyewe kuhusu mumewe, na Mwenyezi Mungu akateremsha Surat Al-Mujadila kwa sababu ya mjadala ule. Kama sauti ile ingekuwa uchi, sehemu kubwa ya elimu ya dini yetu tusingekuwa nayo.

Simaanishi kila kazi ni halali. Likija tangazo la pombe au la kubeti, kataa. Ukiambiwa uzungumze kwa kudeka ili manukato yauzike, kataa. Mipaka ipo na tunaijua. Lakini kumsomea mtoto somo la hisabati, au kumweleza mama mjamzito siku za kwenda kliniki, kuna kulegeza gani hapo? Tena kazi hii unaifanya nyumbani, umejistiri, hakuna anayekuona. Anayetafuta kazi ya heshima kwa binti yake aniambie ameipata wapi iliyo bora kuliko hii.

Sasa huyu wa "kidogo tu"

Huyu ndiye anayeniudhi zaidi, maana yeye faida anaiona. Anajua lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Anajua kwamba dh, th na gh kwetu hazihitaji mwalimu. Anajua sauti ya mwanamke wa Unguja ni bidhaa tangu mwaka huo huo wa 1928, pale Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Simleti Siti kwa hukumu ya muziki, hilo waulizeni mashekhe. Namleta kwa hesabu tu: wafanyabiashara hawamsafirishi mtu Bahari ya Hindi nzima kwa kitu kisichouzika.

Basi kwa nini leo binti anayerekodi tangazo analipwa mara moja, na tangazo lenyewe likapigwa mwaka wa tatu huu? Mwenzangu mmoja alisoma tangazo la kampuni fulani hapa hapa kwetu. Aliambiwa ni la mwezi mtukufu tu. Ramadhani ikapita, Idi mbili zikapita, mtoto aliyekuwa tumboni akajifunza kutembea, na sauti ya mama yake bado inauza. Alipouliza, akajibiwa: "Si tulishakulipa?" Karatasi hakuwa nayo. Ahadi ilikuwa ya mdomo.

Dini inayosema sauti zetu zilindwe ndiyo hiyo hiyo inayoamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kwa hivyo ukidai mkataba, usijione huna imani na watu. Umefuata mafundisho.

Nyinyi mabibi harusi mnalielewa hili kuliko yeyote. Siku ya kuozeshwa, wazee wako wangekubali mahari yasitajwe, waambiwe "tutaelewana baadaye"? Yanatajwa wazi, na mashahidi wanasikia. Kwa nini basi mbele ya mtu wa studio unaona haya kuuliza bei?

Na mashine imekuja

Zamani dhulma ilikuwa kurudia tangazo. Sasa kuna akili mnemba. Mtu akipata rekodi zako, mashine inaweza kujifunza sauti yako na kusema maneno ambayo hukuyasema kamwe.

Susan Bennett wa Marekani alirekodi sentensi nyingi mwaka 2005 kwa kazi aliyodhani ni ya mifumo ya simu. Mwaka 2011 akagundua kwamba sauti yake ndiyo Siri kwenye simu za iPhone, na hakuna aliyemwambia. Bev Standing wa Kanada alirekodi kwa kazi ya tafsiri, kisha akaisikia sauti yake kwenye TikTok ikisoma chochote ambacho watu wameandika, yakiwemo ya aibu. Aliwashitaki mwaka 2021, wakamalizana, na sauti ikabadilishwa.

Fikiri hilo kwa binti wa Kiislamu. Umekataa tangazo la kubeti kwa ajili ya Mola wako, halafu mashine inalisoma kwa sauti yako na mama mkwe analisikia! Hapa ndipo ningependa kuwaona wale wanaopiga kelele za uchi. Sauti inaibwa, inasemeshwa haramu, nao kimya.

Kutoa sauti kwa hiari ni jambo jingine. Upo mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambako watu wanasoma sentensi za Kiswahili bila malipo ili lugha yetu nayo ieleweke na mashine. Ukitaka kuchangia, changia, lakini ujue kwamba rekodi zile zinaachwa wazi kwa kila mtu, na kampuni kubwa zikiwemo. Sadaka ni ya anayejua kwamba anatoa. Kinachochukuliwa bila wewe kujua hakina jina hilo.

Na sisi wenyewe je?

Dada zangu, tunaambiana bei ya ukumbi, bei ya mpambaji, mpaka bei ya udi. Lakini ujira wa sauti tunafichana kama siri ya unyumba. Na mteja anaijua siri hiyo. Anakwambia fulani amekubali nusu yake, na huyo fulani naye ameambiwa hivyo hivyo kukuhusu wewe.

Dawa yake ni kujuana. Kila mmoja yuko peke yake kabatini kwake, lakini simu anayo. Tufungue makundi: wa Unguja na Pemba, wa Lamu na Mombasa, na dada zetu wa Muscat wanaoingiza sauti kwa Kiswahili na Kiarabu. Tuambiane bei kwa ukweli. Mkataba usomwe na wenzako wawili kabla hujatia saini. Binti mpya afundishwe kukaa na maikrofoni, asiachwe aharibu soko kwa kutojua.

Atatokea wa kusema kumtaja asiyelipa ni kumsengenya. Imam Nawawi ameeleza hali sita ambazo kusema kumeruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kushtaki, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Sema lililotokea, usizidishe chumvi, basi.

Kwenye kila mkataba yawepo haya: sauti itatumika wapi, kwa muda gani, malipo lini, na kwamba haitafundishiwa mashine wala kuigwa bila ruhusa yako ya maandishi. Wakikuzungusha, tunayo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na ofisi ya COSOZA ipo. Nendeni mkaulize.

Na wewe bibi harusi, mweleze mchumba wako kazi yako kabla ya ndoa, wazi, mbele ya watu wenu. Asije akashtuka akikusikia redioni. Akiuliza pesa itakuwa ya nani, aya ya 32 ya Surat An-Nisaa imeshajibu: wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Ukimsaidia mumeo kwa mapenzi yako, una thawabu. Asikulazimishe.

Nimemaliza ugomvi wangu. Mwenye hoja alete, kwa adabu. Na mwenye tangazo anayetaka sauti nzuri ya Kiunguja, karibu sana, aje na kalamu.