Runinga ya milioni, waya wa njano

BARAZANI na Mwanaidi Shaha

Pita Kariakoo jioni yoyote, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utazikuta runinga zimepangwa ukutani zote zinaonyesha mambo yale yale: kasuku mwekundu anageuza shingo, asali inatiririka, mji wa ng'ambo unawaka taa usiku. Hakuna duka linaloonyesha taarifa ya habari ya saa mbili. Hakuna linaloonyesha mechi ya mkoani inayochezwa kwenye jua la saa kumi. Muuzaji kachomeka flashi yenye video ya 4K iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na mteja anatoa milioni na ushee akiamini kasuku yule anahamia naye Mbagala.

Kasuku haji. Linalokuja ni boksi, na nyumbani kinalisubiri king'amuzi kile kile cha siku zote.

Kwa hiyo wateja tuache aibu. Kabla hela haijatoka mfukoni, mwambie muuzaji achomoe flashi, achomeke king'amuzi, akuwekee mpira. Runinga mbili zilizolingana kwenye asali zitaachana pale pale mbele ya macho yako. Akisema hana king'amuzi, jirani yake anacho. Wauza runinga nao wana Simba na Yanga yao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Skrini ya 4K ina vitone 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla karibu milioni 8.3. Chaneli ya kawaida, isiyo HD, inaleta vitone 720 kwa 576, ambavyo havifiki hata laki tano. Gawanya: katika kila vitone 20 unavyovitazama, kimoja ndicho kilichotoka kituoni. Vile 19 runinga imevikisia yenyewe. Chaneli ya HD kamili ina nafuu, maana inaleta kimoja kati ya kila vinne. Kazi hiyo ya kukisia hufanywa na kichakataji kilichomo ndani ya runinga, na hapo ndipo runinga ya bei chee inapoumbuka, ingawa kwenye boksi imeandikwa 4K sawa na ile ya bei kubwa. Na ndiyo maana runinga ya chogo ya mzee wako ilikuwa ikionyesha chaneli ile ile ukaiona safi. Ilikuwa ndogo, haikuwa na kazi ya kujaza mapengo.

Wahandisi wa utangazaji wana kanuni yao ya umbali. Picha ya kawaida, kaa mbali mara sita ya kimo cha skrini. HD, mara tatu. 4K, mara moja na nusu. Skrini ya inchi 55 ina kimo cha sentimita kama 68. Kwa chaneli ya kawaida, basi, kochi lako linatakiwa liwe mita nne na ushee kutoka ukutani. Nani Manzese ana mita nne? Vyumba vyetu vya kupanga ni futi kumi kwa kumi, humo humo kuna kabati, friji na meza ya vyombo. Mtu wa chumba hicho, anayetazama chaneli za bure, atapata picha nzuri zaidi kwenye inchi 32, ambayo kwa kanuni hiyo hiyo inamtaka akae mita mbili na nusu tu. Najua ushauri huu hauna wapenzi. Hakuna anayeita majirani waje kuona inchi 32, na shemeji akija kutoka Dodoma anahesabu inchi kabla ya kuuliza hali. Lakini tunazungumzia picha, hatuzungumzii heshima.

Sasa tuje kwa aliyejaliwa sebule kubwa na kifurushi cha HD anacholipia kila mwezi. Huyu ndiye ananisikitisha kuliko wote, kwa sababu mara nyingi ukichungulia nyuma ya runinga yake unakuta waya wa vichwa vitatu: mwekundu, mweupe na wa njano. Fundi wa dishi aliukuta kwenye boksi la king'amuzi, akauchomeka, picha ikatokea, akapewa soda akaondoka. Mwekundu na mweupe ni sauti. Picha nzima, mwanga na rangi zake, imebanwa kwenye ule mmoja wa njano, na waya huo ni wa enzi za chogo: HD haipiti humo hata ulipie kifurushi cha waziri. Mwenye nyumba analipia HD miezi na miezi, na haijawahi kuingia sebuleni kwake hata siku moja. Dawa ni waya wa HDMI. Wa bei ya kawaida unatosha. Anayekuuzia wenye vichwa vya dhahabu kwa bei mara tano anakuuzia dhahabu, hakuuzii picha, kwa sababu kwa waya mfupi wa sebuleni picha inayofika ni ile ile. Ukishauchomeka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi chenyewe. Vingi vimeachwa kwenye 576. Vipandishe hadi 1080.

Hayo yanatuhusu sisi watazamaji. Wenye vituo nao wana lao. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikazima yake mwaka 2015, na kweli chenga zikaisha. Wengi wakadhani dijitali ndiyo HD. Siyo. Dijitali iliruhusu chaneli nyingi zibanane kwenye nafasi iliyokuwa ya chaneli moja, na kila inapoongezwa nyingine, zilizomo zinaweza kupunguziwa mgawo. Dalili yake unaiona kwenye mpira. Kipa akiwa ameushika, nyasi zinahesabika. Winga akianza kukimbia, uwanja unageuka uji wa kijani. Hakuna runinga duniani inayotibu hilo. Ningependa TCRA, na wenzao wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, wazilazimishe kampuni za ving'amuzi kutangaza kila chaneli inapewa megabiti ngapi kwa sekunde. Unga wa ngano unaandikwa uzito kwenye mfuko. HD inauzwa kwa herufi mbili tu.

Intaneti inaweza kukuokoa ukiwa na faiba. Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na kiasi hicho kinakula karibu gigabaiti saba kwa saa. Wa bando la simu wanielewe bila maelezo zaidi.

Halafu runinga zinatundikwa juu mno, karibu na feni, kana kwamba sebule ni baa. Skrini nyingi za LCD zinapauka ukizitazama kutoka chini. Ishushe hadi usawa wa macho ya aliyeketi, usiielekeze dirishani, na ile nailoni ya kiwandani ibandue. Mgeni keshajua kuwa ni mpya.

Limebaki la rimoti. Runinga nyingi huanza kazi zikiwa na mipangilio ya kushindana dukani: mwanga hadi mwisho, weupe wenye ubuluu, rangi za kupiga kelele. Huko ndiko sura za watangazaji wetu zinakogeuka kuwa nyekundu. Ukali wa picha, ule unaoitwa sharpness, ukiupandisha hauongezi kitu kilichokuwapo; unachora mstari mweupe pembezoni mwa kila umbo. Ushushe karibu na sifuri. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo unaofanya sinema ionekane tamthilia ya bei rahisi, kwani sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde na runinga inajitungia za kujazia katikati. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwasihi watu wauzime. Kwenye mpira, amua mwenyewe. Na zile rekodi za zamani za taarabu ziache na pande zake nyeusi kulia na kushoto; ukizivuta zijaze skrini unawanenepesha waimbaji bure.

Kama huna muda wa yote hayo, tafuta kwenye menyu ya picha neno Movie, Cinema au Filmmaker, uchague. Weupe utasogea karibu na ule wa studio, Kelvin 6,500, na siku mbili tatu za mwanzo nyumba nzima italalamika kwamba runinga imekuwa ya njano. Ficha rimoti.