Rangi ya Kwenye Simu Haioti Ilomba: Acheni Kununua Miche kwa Picha

Ndugu wakulima, na ninyi wafanyabiashara wa miche mnaopanga viriba kando ya barabara kuu kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, leo siandiki kuhusu mahindi wala mbolea. Naandika kuhusu miti na vichaka vya majani ya rangi, kwa sababu hapo pesa za watu zinapotea kimya kimya. Mkulima akiuziwa mbegu feki ya mahindi, kijiji kizima kitasikia. Akiuziwa mche wa mapambo usiofaa, ananyamaza na kusema labda mkono wake si wa kupanda. Mkono wako hauna tatizo. Umeuziwa mche wa nchi nyingine.

Siku hizi ukifungua simu utakutana na picha za dogwudi. Ni jamii ya vichaka na miti ambayo kitaalamu inaitwa Cornus. Katika picha majani yake ni mekundu kama makaa, na mingine ina matawi mekundu yanayong'aa juu ya theluji. Mtu mwenye nyumba mpya Ilomba akiiona, anataka iwe getini kwake. Na mfanyabiashara akiona kuna anayetaka, anatafuta cha kumuuzia. Mimi nasema biashara hiyo isimame kabla haijakomaa, na sababu zangu ni hizi.

Wekundu ule unaletwa na baridi na siku fupi

Jani ni la kijani kwa sababu ya umbijani. Katika nchi kama Uingereza, Japani na sehemu kubwa ya Marekani, majira ya joto yakiisha siku hufupika haraka na usiku huwa wa baridi. Mti unapata taarifa kwamba majira magumu yanakuja. Unaanza kuvunja umbijani na kuurudisha mwilini kile unachoweza kuokoa, sukari iliyobaki kwenye majani inasaidia kutengeneza rangi nyekundu, kisha majani yanaanguka na mti unalala. Wekundu unaouona kwenye picha ni mti unaofunga duka.

Sasa tazama kwetu. London, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote inazidi saa nane. Mbeya, tofauti hiyo ni kama saa moja tu. Ni kweli Ilomba kuna baridi, sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Juni na Julai tunavaa makoti. Lakini mti hauangalii koti lako. Unasoma urefu wa siku pamoja na ubaridi wa muda mrefu, na huku hautapata vyote viwili kwa kiasi ulichozoea. Ukiupanda, tegemea kichaka cha kijani kisichojua lini kilale na lini kiamke. Yale matawi mekundu nayo hupendeza majani yakishadondoka yote, na rangi yake hukolea majira ya baridi kali.

Nitakuwa mkweli: zipo aina za dogwudi zenye majani yenye kingo nyeupe au njano tangu yanapochipua, na hizo hazisubiri baridi ili zipate rangi. Lakini bado ni vichaka vilivyozoea kulala msimu mzima kwenye baridi. Kulipa pesa nyingi kwa mmea unaotaka kubembelezwa ili ukupe kingo nyeupe, wakati masale yenye mstari wa njano yanakatwa kwa jirani na kuchomekwa ardhini bure, ni kutupa pesa.

Na kama unapenda jamii hiyo kwa jina lake, Afrika Mashariki tunayo ya kwetu, Cornus volkensii, wa misitu yenye unyevu ya milimani kama Kilimanjaro. Ni mti wa msituni unaobaki na majani ya kijani. Hakuna picha yake inayozunguka, kwa kuwa haufanyi maonyesho ya rangi. Jina la ukoo haliji na rangi.

Kiriba kinasafiri na mzigo usioonekana

Kuna anayesema, "Afisa, hiyo ni pesa yangu, nikipoteza ni mimi." Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Lakini mche hausafiri peke yake. Unasafiri na udongo, na udongo unasafiri na vimelea, mayai ya wadudu na minyoo ya mizizi.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, ugonjwa wa ukungu umeua dogwudi nyingi za maua, misituni na kwenye bustani za watu. Karibu na sisi, mwaka 2013, mnyauko wa migomba wa aina ya TR4 ulithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji. Ugonjwa huo unaenea kwa miche na kwa udongo, na ukishaingia shambani hakuna dawa ya kuutoa. Fikiria migomba ya Rungwe. Fikiria ni kaya ngapi zinakula na kusomesha watoto kwa ndizi. Halafu niambie kama mche uliopitishwa Tunduma ndani ya begi ni jambo la mtu mmoja.

Ndiyo maana kuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Mche ukitoka nje unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha usafi wa mimea kutoka ulikotoka. Muuzaji asiye na karatasi hizo hakufanyii unafuu wa bei. Anakuuzia hatari ambayo jirani zako ndio watailipia.

Na msisahau kwamba mengi ya magugu yanayotusumbua yaliletwa kama urembo. Gugu maji, lililoziba sehemu za Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Lantana, kile kichaka cha maua madogo ya njano, machungwa na waridi, ilipandwa kama uzio na pambo. Leo inafunga malisho, na ng'ombe akiila inamharibu ini na ngozi yake kuungua juani. Aliyeileta alikuwa anatafuta rangi tu, kama wewe.

"Miti ya kwetu haina rangi": huo ni uongo

Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na naisikia hata kwa watu waliosoma. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuinua macho mwezi Septemba na Oktoba. Panda gari ukivuka milima kuelekea Chunya kabla mvua hazijaanza. Mitundu na miyombo inachipua majani mekundu, ya shaba, ya machungwa, mlima mzima. Wenzetu wa nchi za baridi wanapata wekundu mti unapokwenda kulala. Sisi tunaupata mti unapoamka. Watalii wanalipa nauli kuona kitu cha namna hiyo, na sisi tunakikata mkaa.

Mti wa miombo hauhamishwi kirahisi, kwa hiyo msiende kung'oa miche porini. Kama kiwanja chako kina mtundu uliosimama, usiukate ili upate nafasi ya mche wa dukani. Huo tayari ni pambo, kivuli na chakula cha nyuki.

Kwa mwenye kupanda upya, chaguo zangu kwa ukanda wetu ni hizi:

1. Poinsetia. Yale mekundu juu siyo maua, ni majani. Mmea huu unageuka rangi usiku ukirefuka kidogo tu, kwa hiyo huku kwetu unawaka miezi ya baridi, wakati bustani nyingine zimefifia. Unaoteshwa kwa vipando vya sentimita 20 hadi 25. Utomvu wake mweupe unawasha, osha mikono na usiguse macho.

2. Masale. Yanavumilia, hayataki matunzo mengi, na yenye mistari ya njano yanang'aa hata kwenye kivuli. Uchagani ni alama ya mpaka na ya kuombana msamaha. Mmea wenye heshima kiasi hicho hauhitaji kuonewa aibu.

3. Akalifa, yenye majani ya shaba na nyekundu. Ni nzuri kwa uzio. Panda kwa nafasi ya nusu mita. Ikipigwa na jalidi ncha zinaungua, hivyo ipande upande wenye ukuta au mteremko, usiipande bondeni ambako baridi hujikusanya usiku.

4. Mvengi, kwa mwenye eneo lenye unyevu au karibu na chemchemi. Majani yake machanga hutoka na wekundu, ndege wanakula matunda, na ni rafiki wa vyanzo vya maji kuliko mkaratusi.

5. Mparachichi. Ndiyo, mparachichi. Machipukizi yake mengi hutoka na rangi ya shaba kabla ya kukolea kijani, kisha unavuna. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 na kina cha 60, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri.

Mikrotoni, ile ya majani ya madoa ya njano na nyekundu, iacheni Dar es Salaam na Zanzibar. Inapenda joto. Ukiileta huku inadondosha majani ikifika Juni. Na oleanda, ile ya majani membamba na maua ya waridi, ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Haifai penye watoto wala mbuzi, hata iwe nzuri namna gani.

Kwenu wauza miche

Najua wengi wenu mnaishi kwa vitalu hivyo, na siwaombi mfunge. Nawaomba muuze kwa ukweli. Mteja arudiye ndiye faida yenu, na mteja aliyeuziwa mche uliokufa Julai harudi. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni kila mche umetoka wapi, umeoteshwa lini na unapenda hali gani. Masale, akalifa na poinsetia mnaweza kuzizalisha wenyewe kwa vipando. Gharama yenu ni kiriba, udongo na maji. Hapo faida inabaki Ilomba.

Nanyi wanunuzi, kabla hamjatoa pesa, ulizeni maswali manne. Mche huu umeoteshwa wapi? Nionyeshe mti mzazi, au bustani ya hapa Mbeya ambako umeshakaa mwaka mzima, masika na kipupwe. Una sumu kwa mtoto au mfugo? Kama umetoka nje, karatasi ziko wapi? Muuzaji akijibu kwa kukuonyesha picha ya simu, mshukuru na uondoke.

Mvua zetu huanza Novemba. Mashimo yachimbwe Oktoba, samadi iingie mapema, na mche uingie ardhini udongo ukishalowa vizuri. Anayetaka kujua kama kiwanja chake kinashika jalidi, aje ofisini kwetu kata ya Ilomba siku za kazi asubuhi. Tutakwenda kukiangalia pamoja kabla hajanunua hata mche mmoja.