Kucha za Jeli Zikiachia, Zisifunikwe

Wapo watakaoshangaa kuona kwamba mwezi huu tunaandika habari za kucha za urembo, na pengine wapo waliotegemea tuzikemee. Hatutazikemea. Iwapo yafaa mama au binti kuzivaa, hilo kila familia italizungumza nyumbani kwake. Linalotuhusu sisi ni afya, na kucha za jeli zimekwisha kuwa jambo la afya katika parokia zetu. Akina mama na mabinti wengi wanazivaa, hasa nyakati za arusi na sikukuu. Aidha, wapo mabinti wetu ambao wanapata riziki yao kwa kuzitengeneza, nao ndio tunaowawazia zaidi katika makala haya.

Jambo lenyewe ni hili. Mteja ametengenezewa kucha Jumamosi. Ifikapo Jumatano ukucha mmoja umeanza kuachia karibu na shina, na Jumapili umeinuka kama gamba, hata nywele zinanasa humo anapojichana. Anarudi saluni. Fundi anamwambia, "Dada, wewe una mikono ya jasho," kisha anadondosha tone la supa gluu chini ya ile jeli, anaibana, anapaka rangi juu, na mteja anakwenda zake akiwa ameridhika. Sisi tunasema tendo hilo ni baya, na ubaya wake hauishii katika kumlaghai mteja. Mengi yanayofanya jeli iachie ndiyo hayo hayo yanayoleta maradhi ya vidole, kwa mteja na kwa fundi mwenyewe. Kwa hiyo ukucha ulioachia hauna budi kuchunguzwa kwanza, ndipo uguswe.

Jeli si rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa. Ni majimaji mazito yenye kemikali za jamii ya akrileti, ambazo zikimulikwa na taa yake maalumu hushikana na kuwa kitu kigumu mfano wa plastiki. Zikishikana sawasawa hazina matata makubwa. Zikibaki mbichi, au zikigusa ngozi kabla ya taa, zaweza kuufundisha mwili kuzichukia, na hapo ndipo mzio unapoanza, au aleji kama wengi waitavyo. Inayotajwa zaidi kati ya hizo inaitwa HEMA. Tangu mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi wa kazi hiyo tu, na zibandikwe onyo kwamba zaweza kuleta mzio. Na tarehe 1 Septemba 2025 nchi hizo zilipiga marufuku katika vipodozi kemikali nyingine, TPO, ambayo huisaidia jeli kugandishwa na taa, baada ya kuainishwa kuwa yaweza kudhuru uzazi. Hatusemi haya ili kutia watu hofu. Tunasema ili ieleweke kwamba kile kichupa kidogo si maji ya hina.

Sasa, ukucha ulioachia huchunguzwaje? Kwanza tazama mahali ulipoachia. Ukiachia kwenye shina, karibu na nyama, usimtafute mchawi mbali: ni maandalizi, au ni jeli iliyomwagikia ngozi. Kila ukucha una utando mwembamba wa ngozi mfu unaotambaa juu yake kutoka shinani. Hauonekani kwa urahisi, na fundi mwenye haraka huupaka jeli juu yake. Jeli inaushika ule utando badala ya kuushika ukucha, na utando unapotoka hutoka na jeli. Hali kadhalika jeli ikivuka na kupanda juu ya nyama, ukucha unapokua jeli ile hubaki mlango wazi wa maji kuingilia. Fundi mzuri huacha nafasi nyembamba, kama upana wa uzi, kati ya jeli na nyama, na ikivuka huifuta kwa kijiti kabla ya kuwasha taa. Wateja wengi hawaipendi nafasi hiyo. Wanataka rangi ifike hadi nyamani. Basi wajue kwamba wanachokidai ndicho kitakachowarudisha saluni.

Kuna desturi moja ya saluni zetu ambayo tungependa ikome kabisa. Mteja akifika hupewa beseni la maji ya vuguvugu na sabuni alowekee mikono, kisha ikifutwa tu jeli inapakwa. Ukucha hunywa maji, nao ukinywa hutanuka. Baadaye unapokauka hunywea, na jeli iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kunywea nao. Kuachia lazima. Anayetaka kuloweka mikono na afanye hivyo jana yake. Mafuta nayo ni adui wa namna hiyo hiyo. Katika saluni ambayo fundi yule yule anasuka nywele na kutengeneza kucha, mafuta ya nywele husafiri kwa vidole vyake hadi kwenye ukucha aliokwisha kuusafisha kwa spiriti.

Ukiachia kwenye ncha, sababu ni nyingine: ncha haikufungwa kwa jeli, au kucha ni ndefu kupita kazi za mwenye nazo. Mama anayefua kwa mkono, anayesugua masufuria kwa majivu na kufungua soda kwa kucha asilaumu saluni. Ukucha mrefu ni kama mtaimbo, kila unapogonga ncha unanyanyua shina. Avae glavu za kuoshea, au aridhike na kucha fupi, ambazo kwa maoni yetu hupendeza zaidi.

Kisha geuza kipande kilichotoka uangalie upande wa ndani. Kikiwa kikavu na chenye kung'aa kama ganda la mbegu, ukucha ulikuwa na mafuta au utando. Kikiwa kimetoka na unga mweupe wa ukucha, ulisuguliwa kupita kiasi. Wako mafundi wanaodhani kwamba kukwaruza sana ndiko kunakoshikisha jeli. Kumbe ukucha uliokonda hupinda, na jeli haipindi, basi huachana. Kikiwa kinanata upande wa ndani, hapo kuna hatari, kwa maana jeli haikuiva. Labda ilipakwa nene kwa mkupuo mmoja na mwanga haukufika chini. Labda taa na jeli haviendani. Labda ni kile kitaa kidogo kilichochomekwa kwenye chaja dhaifu ya simu, kinawaka buluu na kila mtu anaridhika kwa kuwa kinawaka. Kidole gumba kina shida yake peke yake: mkono ukiwa ndani ya taa gumba hulala ubavu, mwanga ukaupata ukucha upande mmoja. Gumba zote mbili zimulikwe zenyewe.

Na dawa yake ni nini? Ikiwa sehemu iliyoinuka ni ndogo, isuguliwe kwa tupa mpaka isiwepo jeli inayoning'inia, ukucha uandaliwe upya, ndipo ujazwe. Ikiwa ni kubwa, jeli yote itolewe. Jeli ya kuloweka hutoka kwa pamba yenye asetoni iliyofungwa kwa foili, dakika 10 hadi 15, bila kukenuliwa kwa kijiti. Zipo jeli ngumu ambazo asetoni haziziwezi, nazo husuguliwa polepole. Asiing'oe mtu kwa meno wala kwa kadi ya simu, kwani huondoka na tabaka la ukucha wake. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo ulioharibiwa leo utapona kabisa baada ya miezi 6 hivi.

Supa gluu tunaikataa kwa sababu ya pekee. Chini ya jeli iliyoinuka maji huingia na hayatoki. Hapo hustawi kijidudu kiitwacho Pseudomonas, ambacho hupenda unyevunyevu, nao ukucha hugeuka rangi ya kijani. Ukiufunika kwa gundi umekifungia nyumba yake. Ukiona kijani, jeli itolewe yote, ukucha ukae wazi na mkavu, na mwenye nao aende zahanati, hasa akiwa na kisukari au kinga hafifu. Tena tofautisheni: jeli kuachia ukucha ni jambo moja, na ukucha wenyewe kuachia nyama ni lingine. Mkiona weupe chini ya ukucha wenyewe, hiyo si kazi ya saluni tena.

Tumesema tunawawazia mabinti. Mteja hukaa na jeli saa moja, tena mara moja kwa wiki kadhaa. Fundi huishika kutwa. Hufuta ule ulimbo unaobaki juu baada ya taa, ambao ni jeli mbichi, mara nyingi kwa kidole kitupu. Anaanza kuwashwa pembeni mwa kucha, ncha za vidole zinavimba na kupasuka, wakati mwingine kope zinamwasha kwa kuwa alijigusa usoni. Anadhani ni sabuni, anapaka mafuta, anaendelea. Mzio huu ukikuingia, kwa kawaida hautoki maishani. Na kemikali za ukoo huo zimo katika vifaa vya kuzibia meno na katika saruji ya kushikizia viungo vya bandia, kwa hiyo daktari wa meno hana budi kuambiwa. Msichana wa miaka 19 aliyenunuliwa taa na chupa zake kwa fedha ya kikoba cha mama yake anaweza kupoteza kazi hiyo kwa kukosa glavu. Glavu za kawaida za mpira hazimkingi, maana akrileti hupenya upesi. Anunue za naitraili, na azibadili kila zikiguswa na jeli.

Wazazi, mnapomtoa binti kwenda kujifunza kucha, ulizeni anafundishwa na nani na kwa muda gani. Siku 3 za kutazama mkono wa mwenzake si mafunzo. Na kama anasomea uuguzi, mwambieni mapema kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 hauwaruhusu wanaohudumia wagonjwa kuvaa kucha za bandia.

Wenye saluni nao tunawaomba jambo. Jeli ikiachia shinani ndani ya siku chache, rudieni bila malipo na bila maneno ya jasho. Wapo wenye mikono yenye unyevu, ni kweli, lakini jasho halipandishi jeli juu ya nyama.

Anayewashwa vidole na kwenda zahanati achukue na chupa ya jeli iliyotumika, au picha ya maandishi yake, na aseme wazi kwamba alitengeneza kucha au kwamba ndiyo kazi yake. Bila kuelezwa hivyo, mganga aweza kudhani ni fangasi, akatoa dawa ya kupaka kwa miezi, na huku taa inaendelea kuwashwa kila asubuhi.