Ukumbi wa Motokaa: Plagi Zilizofichika Mbavuni

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, kila motokaa iliyotoka Mombasa kwenda Malindi ilisimama Mnarani kungoja kivuko. Kungoja huko kulichosha, lakini kulikuwa na faida yake. Injini ilipumzika, na dereva mwangalifu alipata nafasi ya kufungua boneti, akatazama maji na mafuta, akagusa nyaya za plagi kuona kama zimekaza. Siku hizi motokaa hupita juu ya hori bila kusimama, na madereva wengi hawafungui boneti ila siku ile injini inapokataa kuwaka.

Mfano ni mkulima wa bara ya Ganze aliye na Subaru Forester ya zamani. Gari hilo ndilo lipelekalo maembe sokoni, na mtu akishikwa na ugonjwa usiku ndilo limfikishalo hospitali ya Kilifi. Likaanza kutetema asubuhi, likanywa petroli kuliko desturi yake, na mlimani likakosa nguvu. Mkulima akauliza kwa fundi, naye fundi akajibu, “Mzee, plagi za gari hili zimejificha, ni kazi ya kutwa nzima,” akataja ujira wa kutwa nzima. Mkulima akaahirisha mpaka baada ya mavuno. Hata usiku mmoja mke wa jirani akashikwa na uchungu wa kuzaa, na gari likaguguma uani mpaka betri ikaisha nguvu. Mama huyo akapelekwa kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, katika njia ya mashimo. Kwa neema ya Mungu alifika salama, lakini mkulima hakupata usingizi, na kulipopambazuka aliazimu kuzibadili plagi zile kwa mkono wake mwenyewe.

Plagi ni kitu kidogo chenye urefu wa kidole. Kazi yake ni kutoa cheche ndani ya silinda ili petroli iliyochanganyika na hewa iwake kwa wakati wake. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi huwasha petroli mara 1,500 katika dakika hiyo. Umeme unaoruka kati ya ncha zake ni wa volti maelfu mengi. Namna hii ya kuwasha ilianza kuenea tangu mwaka 1902, wakati Gottlob Honold, mhandisi katika kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani, alipotengeneza magneto ya nguvu nyingi pamoja na plagi yake. Tangu hapo umbo la plagi halikubadilika sana. Kilichobadilika ni mahali inapowekwa, na hapo ndipo ilipo taabu.

Katika motokaa nyingi silinda zimesimama wima, na plagi hufikiwa kutoka juu. Injini ya Subaru si hivyo. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966, kampuni hiyo imependelea injini ambayo silinda zake zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, kama ngumi za watu wawili wanaotazamana. Uzito hukaa chini, na gari hushika njia vizuri, ndiyo sababu linapendwa sana Kenya. Lakini plagi hutazama nje, mbavuni mwa injini, na kati yake na chuma cha bodi nafasi haizidi upana wa kiganja. Matatu za Toyota HiAce zina fumbo la namna nyingine, kwani injini iko chini ya viti vya mbele. Huko ni kuinua kiti tu, na aliyekwisha kukiinua mara moja haogopi tena.

Pwani ina maadui wawili wa plagi. Wa kwanza ni hewa ya chumvi. Motokaa ilalayo karibu na bahari, au kule Gongoni na Ngomeni ambako chumvi yenyewe huvunwa, hushikwa na kutu hata mahali ambapo jicho halifiki, na plagi iliyokaa miaka mingi hugandamana na hesi zake. Wa pili ni vumbi la bara, Bamba na Ganze, ambalo hujaa katika kisima kinachoizunguka plagi. Kichwa cha silinda ni cha alumini, madini laini. Plagi ya chuma ikitolewa kwa pupa huondoka na hesi za alumini, na hapo kazi ya shilingi chache hugeuka kuwa kazi ya kushusha injini.

Kwa hiyo injini iwe baridi kabisa. Afadhali gari lilale, na kazi ifanywe asubuhi. Waya wa betri wenye alama ya kutoa ufunguliwe kwanza, kisha betri yenyewe itolewe, na chupa ya maji ya kioo isogezwe kando. Upande wa pili litolewe sanduku la chujio la hewa. Watu wengi huona hatua hii ni kupoteza wakati, wakajaribu kupenyeza mkono hivyo hivyo. Hao ndio wanaochubuka vidole, wakavunja kauri ya plagi, na jioni wakalitoa sanduku lile lile walilolikwepa asubuhi.

Kofia ya mpira iliyo juu ya plagi ishikwe yenyewe, izungushwe kidogo kushoto na kulia, ndipo ivutwe. Waya usivutwe, maana hukatika ndani na kwa nje huonekana mzima. Katika injini zenye nyaya, plagi zibadiliwe moja moja, kila waya ukirudishwa mahali pake kabla ya kugusa mwingine. Nyaya zikichanganyika, injini hupiga makofi badala ya kuzunguka. Injini nyingine hazina nyaya hizo, bali kila plagi ina koili yake iliyofungwa kwa bolti, na koili hiyo hutolewa kwanza.

Kisha vumbi lipulizwe. Asiye na mashine ya upepo atumie pampu ya baiskeli yenye kipande cha mpira mdomoni, nayo yatosha sana. Mchanga ukiingia ndani ya silinda hukwaruza kuta zake, wala hauna njia nyingine ya kuujua ila uchakavu. Plagi ilegezwe robo mzunguko, ipulizwe tena, ndipo itolewe.

Spana ya plagi kwa injini nyingi za namna hii ni ya milimita 16, yenye mpira ndani wa kuishika plagi isianguke. Siri ya mbavuni ni kutoviunganisha vyombo nje. Soketi itangulie peke yake kisimani, kifuate kipande cha kurefushia, mwisho uje mkono wa kugeuzia. Vikiunganishwa vyote kabla, havipiti. Plagi ya nyuma ndiyo ngumu, kwa hiyo anayejifunza aanze na ya mbele. Plagi ikikataa, mafuta ya kulainisha kutu yatiwe, mtu aende kunywa chai, arudi aizungushe kidogo mbele na kidogo nyuma. Nguvu nyingi hapa ni ujinga.

Zikiisha kutoka, zipangwe juu ya gazeti kwa nafasi zake, kwa maana kila moja huleta habari za silinda yake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi hewa, pengine kwa sababu ya chujio lililozibwa na vumbi. Weusi wenye unyevu wa mafuta waonyesha kwamba mafuta ya injini yanaingia silindani. Nyeupe yenye malengelenge yaonyesha joto limepita kiasi, na mwenye gari asidharau hiyo. Katika Subaru za umri mkubwa mara nyingi mafuta hukutwa si nchani bali kisimani, nje ya plagi. Hapo mipira inayoziba mabomba ya plagi imekauka, na plagi mpya nazo zitaogelea kama za zamani mpaka mipira hiyo ibadiliwe.

Juu ya kununua, jambo la kwanza ni namba iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa. Namba hiyo yaeleza pia jinsi plagi inavyopoteza joto, na hapa wengi hupotea: katika plagi za NGK namba kubwa ni ya plagi ya baridi zaidi, na katika za Bosch ni kinyume chake. Plagi za nikeli ni za bei ndogo, lakini hulika mapema. Za iridiamu huweza kufika kilomita 100,000. Plagi bandia zipo pia, zenye maandishi yaliyopinda na hesi zilizokatwa ovyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 juu ya bidhaa bandia, lakini sheria haimsaidii mtu aliyenunua ya kijiani bila risiti.

Plagi mpya isianzishwe kwa spana. Kipande cha mpira wa petroli, chenye urefu wa shibiri, kivikwe mkiani mwa plagi, nayo izungushwe kwa ncha za vidole. Ikiwa imekaa upande, mpira huteleza kabla hesi hazijaharibika. Chuma hakina huruma hiyo. Ikiisha kufika mwisho kwa mkono, plagi mpya yenye pete huongezwa nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Aliye na spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha kitabu. Hesi zisipakwe grisi, kwani huteleza mno na mtu hukaza kupita kiasi bila kujua.

Mkulima wa Ganze alianza saa moja asubuhi, na adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amebakiwa na plagi moja ya nyuma, upande wa betri. Hiyo peke yake ilimla saa nzima. Alikuta kisima chake kimejaa mafuta, na ncha yake nyeusi tititi. Akakipangusa kwa kitambaa kilichofungwa kijitini, akafunga plagi mpya, akarudisha betri, akaazima umeme kwa gari la mwalimu.

Injini ikawaka mara ya kwanza, lakini ilitetema bado kwa mbali. Hapo wengi huzilaumu plagi mpya. Gari lake ni la koili nne, kwa hiyo akaizima, akaihamisha koili ya silinda ile ya nyuma kwenda ya mbele, na ya mbele kwenda nyuma, akawasha tena, kisha akachomoa plagi ya umeme ya koili moja baada ya nyingine asikilize ni ipi isiyobadili mlio. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili. Siku ya pili aliipeleka mjini Kilifi mfukoni mwake ili anunue iliyo sawa nayo.