Maumivu ya baada ya masaji si sumu inayotoka

Mtu akimaliza kuchuliwa, mara nyingi huagizwa anywe maji mengi, lita mbili au zaidi, ili aoshe sumu zilizokamuliwa kwenye misuli. Huambiwa pia kwamba akiumwa kichwa, akilegea au akiamka kesho yake mwili unauma, asihofu, maana ndivyo sumu zinavyotoka. Maneno haya yameenea kiasi kwamba wachuaji na wateja wao huyarudia bila kuyahoji. Si kweli, na ubaya wake mkubwa hauko kwenye hayo maji. Uko katika kumzoesha mtu kufurahia dalili ambazo pengine zingempasa kukimbilia hospitali.

Tuanze na sumu yenyewe. Anayeitaja aulizwe ni ipi, inakaa wapi, na imepimwa vipi kabla na baada ya mtu kuchuliwa. Inayotajwa zaidi ni asidi ya laktiki, ambayo hudhaniwa kujazana kwenye misuli baada ya kazi ngumu au mazoezi. Lakini mwili wenyewe huiondoa ndani ya muda wa saa moja hivi, tena huitumia kama nishati. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walionyesha kuwa kuchua misuli mara tu baada ya mazoezi makali kulipunguza mtiririko wa damu na hivyo kuchelewesha uondoaji wa asidi hiyo. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwachunguza vijana 11 waliochuliwa paja moja baada ya kuendesha baiskeli hadi kuchoka kabisa. Dalili za uvimbe ndani ya misuli zilipungua, lakini kiwango cha asidi hakikubadilika. Kwa hiyo masaji ina faida, ila faida hiyo haitokani na kukamua uchafu. Uchafu wa mwili hushughulikiwa na ini na figo, na figo pekee huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, uwe umechuliwa au hukuchuliwa.

Mbona basi mwili unauma kesho yake? Kwa sababu umekandamizwa. Mkono mzito ukiminya nyama za mwili kwa nguvu huzichubua kwa ndani, na maumivu hayo kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Hayo ni majeraha madogo, na yakizidi huwa majeraha makubwa. Madaktari wameripoti wagonjwa ambao misuli yao ilivunjikavunjika baada ya kuchuliwa kwa nguvu kupita kiasi, protini za misuli zikaingia kwenye damu na kuzielemea figo. Mgonjwa wa namna hiyo huona mkojo wake umegeuka rangi ya chai ya rangi au kahawia. Sasa mfikirie mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa mwili wake unatoa sumu. Akiona mkojo mweusi atasema uchafu ndio huo, atatulia nyumbani, na saa ambazo figo zingeweza kuokolewa zitapita.

Wapo watakaosema maji hayajawahi kumdhuru mtu. Kwa mwenye afya njema, bilauri moja au mbili hazina neno, hasa akiwa ametoka jasho. Lakini mgonjwa wa figo au wa moyo aliyepangiwa na daktari kiasi cha maji kwa siku hawezi kugida lita tatu kwa agizo la mchuaji. Hata mwenye afya akizidisha, chumvi ya damu hushuka. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyoshuka chini ya kawaida, hali iliyohusishwa na kunywa kupindukia. Kiu inatosha kukuongoza. Wengine watasema wao hujisikia wepesi wakishachuliwa. Ni kweli, na sina sababu ya kuwapinga: neva hutulia, misuli hulegea, usingizi huja. Wepesi huo ni halisi, lakini hauthibitishi kwamba kuna sumu iliyotoka.

Kujitunza kwenyewe hakuhitaji mengi. Inuka taratibu kitandani, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka na kukupa kizunguzungu. Kula ukisikia njaa, tembea kidogo, na uahirishe kubeba mizigo au mazoezi mazito hadi kesho. Anapokuchua, mwambie mchuaji apunguze nguvu unapoumia; hakuna tuzo ya kuvumilia. Na maumivu yakipita siku tatu, mguu mmoja ukivimba, kifua kikabana au pumzi ikakata, mkono au mguu ukafa ganzi, au mkojo ukageuka rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo na umweleze daktari kwamba ulichuliwa.